Sufuria ya Konsolata

Spesi alifika kwangu Jumanne, saa nne asubuhi, ametoka kwenye basi dogo la Bujumbura na mfuko mmoja mkononi, na sikumjua. Nilidhani ni muuza vitenge. Alisimama mlangoni akasema, "Amahoro, Mama Mwamini," nami nikamjibu amahoro, nikawa nasubiri aniambie bei. Ndipo akasema yeye ni mtoto wa Konsolata, yule wa ng'ambo ya njia, kwamba mama yake amefariki huko Kigoma kabla ya mvua kuanza, na kwamba amekuja kuona mahali alipozikwa bibi yake. Nilimvutia kiti. Nikaenda jikoni kuchemsha chai, na nilipofika jikoni nikasimama tu, birika mkononi, sijui kama naingia au natoka. Wajukuu zangu walidhani ni uzee. Niliwaacha wadhani hivyo, maana uzee ni jibu ambalo haliulizwi swali la pili.

Habari za kwetu, nani alivuka ziwa lini na alikuja kufanya kazi gani, naziacha. Wengi wamezisimulia na zote zinafanana. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, wa sabini na mbili, na ndani ya mwaka huo nataka kueleza bibi kizee mmoja niliyekuwa nikimpelekea chakula. Watu wa hapa Rumonge wakiuzungumza mwaka ule, kama wanauzungumza, huanza na bunduki. Mimi huanza na jiko kwa sababu jikoni ndiko nilikokuwa. Niliyoyafanya niliyafanya huko, nikipika, nikisugua, nikienda sokoni na kurudi, kazi za kila siku za mwanamke aliyeolewa. Hakuna aliyenilazimisha kufanya hata moja.

Niliolewa mwisho wa sabini na moja, nikiwa na miaka kumi na tisa, na Ramadhani, fundi cherehani aliyeshonea barazani pa duka moja karibu na soko. Tulikuwa na vyumba viwili, ua wa matete, na jiko la nje lenye paa la majani ya mchikichi lililovuja upande wa kuni. Sufuria tulikuwa nazo mbili, ndogo zote mbili, hata ugali wa watu watatu niliupika mara mbili. Ramadhani, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Lakini alikuwa na ugonjwa wa bei. Akirudi mchana alinawa, akakaa, akafunua chakula, na kabla ya bismillahi akauliza, "Hii mukeke umenunua ngapi?" Nikimwambia, alichukua tonge, akalitafuna polepole, kisha akasema, "Wamekuibia." Basi. Samaki yule hakuwa na ladha tena kwa yeyote kati yetu. Miezi ile ya kwanza nilikula chakula kingi cha kuibiwa.

Konsolata ndiye aliyeniponya. Alikuwa mke wa mwalimu wa shule ya msingi, nyumba yao ikitazamana na yetu, njia tu katikati, na alinizidi miaka kama kumi. Alikuwa Mkatoliki, anaongea Kirundi na watoto wake na Kiswahili cha sokoni na sisi, na alicheka kwa sauti kubwa mahali ambapo wanawake wa mtaa wetu hufunika mdomo. Siku moja alinikuta nalia kwa ajili ya kopo la ndagala, dagaa wa ziwani. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaniambia nichukue kikapu. "Mudogo wangu, njoo nikufundishe. Kwanza hapana kwenda mbio kwenye kitu unapenda. Anza na kile haupendi." Alinifundisha kugeuza kitu juu chini, kukigonga, kukitafutia ila na kuitaja kwa sauti ili mwenye duka jirani asikie. Alinifundisha kutaja nusu bila aibu. Na zaidi ya yote alinifundisha kuondoka: unaweka kitu chini taratibu, unasema asante, unakwenda, tena unakwenda polepole, na hugeuki. "Ukigeuka umekwisha," alisema. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa hodari kuliko yeye. Ramadhani alifunua chakula, akauliza bei, akasikia, akasema bismillahi. Nilifurahi vibaya sana.

Nyumba yao nilikuwa naingia bila kubisha. Sakafu ya saruji, rafu ya vitabu, baiskeli ya mwalimu imeegemea ukuta wa sebuleni, na mama yake mwalimu amekaa kwenye mkeka akichambua maharage. Sisi sote tulimwita Mukecuru, yaani bibi kizee, na sijui kama niliwahi kusikia jina lake. Na jikoni kwao kulikuwa na sufuria niliyoitamani. Ilikuwa kubwa, nzito, ya alumini ya kuyeyushwa, isiyounguza chakula. Kishikio cha mfuniko kilikuwa kimekatika, na mwalimu alikuja mwenyewe kwa Ramadhani kuomba kigurudumu cha mti cha uzi uliokwisha, akakikaza pale kwa msumari wa parafujo. Kila mara nilipoifunua nilimwambia Konsolata, siku ukichoka nayo, unajua nyumba ilipo. Naye alijibu, "Hii tutazikana nayo."

Mwisho wa mwezi wa nne nilikuwa nachambua mboga za lengalenga uani niliposikia mlio upande wa ziwa. Niliendelea kuchambua. Nilidhani ni mtu anapigilia bati. Siku zilizofuata tulikaa ndani, tukala unga wa muhogo na chumvi, na Ramadhani akaziba dirisha kwa vipande vya kitambaa cha sare za shule alichokuwa akikishona. Watu waliuawa, kwanza na hawa walioasi, kisha askari wakaja na watu wakauawa na wale, wengi zaidi, kwa muda mrefu zaidi. Sitajifanya najua kuliko ninavyojua. Najua kwamba mwezi wa tano watu wa kalamu, waliosoma, walianza kuitwa komini, ofisi ya serikali, mmoja mmoja, kwa majina, na kwamba mwalimu alipoitwa alivaa koti, akaniamkia akiwa njiani kama siku zote, na alikuwa amemwambia mkewe atarudi kula. Konsolata alimfunikia sahani yake. Siku ya nne niliiona ile sahani imeoshwa, imeinamishwa juu ya kichanja pamoja na nyingine. Sikumuuliza, naye hakuniambia. Nilimsaidia kutwanga sombe, majani ya muhogo, siku ile, tukapokezana mchi, na tukazungumza kuhusu chumvi, kwamba imepanda.

Soko lilirudi kabla watu hawajarudi. Nasema hivi kwa sababu nilikuwapo. Vilikuwapo vitanda, viti, redio, viatu vya wanaume vimepangwa jozi jozi chini, masanduku yenye majina yaliyokwanguliwa. Vyote bei ya kutupa. Hakuna aliyeuliza vimetoka wapi. Ramadhani alileta kiti chenye mikono, kizuri, akakiweka sebuleni, na kwa mara ya kwanza alinitajia bei mwenyewe bila kuulizwa. Nilisema, "Umefanya vizuri." Nilikikalia. Natafuta moyoni kama niliona kitu siku ile, uchungu au woga, na sioni. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Wakati huohuo watu wawili waliingia kwa Konsolata mchana, wakasema wanatafuta karatasi za mwalimu, wakatoka na baiskeli na sanduku. Niliwaona kwenye mwanya wa matete. Kwa hiyo siku chache baadaye, nilipofika kwa Mama Sifa sokoni na kuiona ile sufuria kwenye gunia lake, kigurudumu cha uzi juu ya mfuniko, nilijua bila kufikiri. Imeibwa. Mama Sifa alikuwa mwanamke wa kutoka upande wa Uvira, na kazi yake ilikuwa kuuza vitu vya watu. Mwanamke akiwa na shida na hataki majirani wamuone anauza vyombo vyake, alimpelekea Mama Sifa, naye hakutaja jina la mtu hata umpe nini. Wanawake wa pwani yetu yote, kuanzia Kabezi mpaka Kabonga, walikuwa na mtu wa namna hiyo. Lakini mwezi ule hata wezi walikuwa naye.

Nilianza na kitu nisichokitaka, kama nilivyofundishwa. Nikashika ungo, nikauweka. Kisha nikaigeuza sufuria juu chini. "Hii umetoa wapi?"

"Wewe unanunua sufuria ao unanunua habari?" alisema Mama Sifa.

"Mufuniko wake mubovu. Angalia, wameweka kijiti."

"Kijiti kizuri. Haiunguze mukono."

Alitaja bei. Bei yake ilikuwa ya haki, nilijua hivyo. Nikataja nusu ya nusu. Aliniangalia vibaya. Akashuka kidogo, akasema, "Mama yangu, mwenyewe iko na shida," nami nikajibu kwamba mwenyewe ninamjua, na kitu cha namna hii hakina bei. Nilisema kwa sauti ili jirani yake asikie. Nilikuwa na hasira, na hasira ile niliifurahia, kwa sababu ilikuwa wiki nyingi sijasikia chochote. Niliona kwamba mwizi atakula jasho la Konsolata, basi ale kidogo. Nikaiweka chini taratibu, nikasema murakoze, yaani asante, nikaondoka. Sikugeuka. Nilikuwa nimepita wauza mawese Mama Sifa aliponiita, na aliponipa sufuria hakuniangalia usoni. Nililipa ile bei yangu ya mwizi, nikaitia kwenye kikapu, na njia nzima nilikuwa nafikiri jinsi Konsolata atakavyocheka.

Ningemvukia palepale. Ilikuwa saa tisa, mlango wao ulikuwa wazi kidogo, na ninaamini alikuwa ndani. Lakini kwetu hurudishi chombo cha jirani kitupu. Hata ukiazima kikombe, unakirudisha na sukari kijiko, au viazi viwili, chochote. Kumrudishia sufuria kubwa namna ile haina kitu ndani, tena baada ya yaliyompata, ingekuwa kama kumtupia. Na ilikuwa na masizi. Basi nilikaa uani nikaisugua kwa majivu na mchanga wa ziwa mpaka ikawa nyeupe, nikaifunika kwa kanga, nikapanga kesho asubuhi ninunue mukeke wawili wanene, niwapike kwa mawese na nyanya, niivushe njia ikiwa imejaa. Ramadhani aliuliza bei. Nilipomwambia, alitabasamu.

Asubuhi nilinunua, nikapika. Kabla ya kuibeba nilivuka kwanza mikono mitupu nione kama Konsolata ameamka. Mukecuru alikuwa peke yake kwenye mkeka, hana maharage mbele yake, mikono juu ya magoti. "Baragiye," alisema. Wameenda. Nikamuuliza wapi, akaelekeza kidevu ziwani. Konsolata na watoto wawili, Spesi na yule mdogo, kwa mtumbwi, kabla hakujapambazuka. Nilirudi, nikapakua samaki kwenye bakuli, nikampelekea. Sufuria niliiacha kwangu. Niliwaza, nitamtunzia mwenyewe akirudi, na kwa kuwa ilikuwa pale, nikaanza kuipikia.

Tangu siku ile nilimpikia Mukecuru. Halikuwa jambo kubwa. Sufuria ilikuwa kubwa, unga ulikuwapo, ndagala walikuwapo. Kila adhuhuri nilifunika bakuli kwa sahani, nikavuka, nikakaa naye akila. Alikula polepole, kwa vidole vitatu, akichuja miiba kwa ulimi. Alikuwa na Kiswahili kidogo na mimi nina Kirundi kidogo, tukawa tunazungumza vitu vidogo tu. Mwezi wa sita uliisha hivyo, na mwezi wa saba. Vumbi la kiangazi lilikaa juu ya vitabu vya mwalimu, nami nikawa navifuta nikisubiri amalize kula. Nilikipenda kile chumba. Ndipo mahali pekee mwaka ule nilipokuwa nasikia njaa ya kweli.

Siku moja tulikuwa na wageni, mabakuli yote yalikuwa yanatumika, nikabeba chakula ndani ya sufuria yenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba ni yao. Niliiweka mbele yake. Macho yake hayakuwa mazuri, lakini mkono wake ulikwenda kwenye mfuniko, ukashika kile kigurudumu, ukakaa hapo.

"Hii ni ya Konsolata," alisema.

Nikamwambia ndiyo, niliikomboa sokoni kwa wezi. Nilisema kwa fahari kidogo. Akatikisa kichwa. "Oya, mwananje. Hapana wezi. Konsolata alimupa Mama Sifa auze. Tulikuwa tunatafuta pesa ya mutumbwi." Kisha akanieleza, kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Mwenye mtumbwi alitaka malipo ya kila kichwa. Mashuka yaliuzwa vizuri, saa ya mwalimu iliuzwa vizuri. Sufuria ndiyo waliyoitegemea, na sufuria ikaanguka bei. Walipofika ufukweni pesa ilitosha mtu mzima mmoja na watoto wawili. "Nikashuka. Muguu moja ilikuwa ndani tayari. Nikaitoa."

Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia, mimi niliyekuwa hatua ishirini kutoka kwao, ningewapa. Alisema siku zile hakuna mtu aliyejua nani amwambie nani, na kwamba bwana wangu alikuwa ameleta kiti. Kisha akafunua sufuria, akala. Alikula chote, akaosha vidole, akasema murakoze. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Sikumwambia kwamba bei ile niliiangusha mimi. Nadhani alijua. Kesho yake nilipeleka chakula nikakiweka mlangoni, nikasema nina haraka. Keshokutwa vilevile. Kisha nikaruka siku moja, nikajiambia ana akiba, kwa maana nilikuwa nimemwachia viazi. Sikuweza kukaa mbele ya vidole vile vitatu. Niliona haya, na haya ile ilikuwa nzito kuliko huruma, hakuna maneno mengine ya kuifunika. Mwezi wa nane Ramadhani aliniambia mezani, bila kuinua macho, "Usikuwe unavuka njia kila siku. Watu iko wanaangalia." Labda walikuwa wanaangalia kweli. Kabla ya hapo nilikuwa nimepuuza maneno kama hayo mara mbili. Safari hii nilisema, "Sawa," haraka, na alishangaa jinsi nilivyokubali. Nilifua, nilipika, nilifagia ua, nilikwenda sokoni kwa njia ya nyuma. Moshi haukutoka nyumba ile, na mimi niliuangalia huo moshi usiotoka huku nakoroga ugali.

Aliyemkuta amekufa ni mwanamke wa kuuza maji. Wanaume wanne walimzika nyuma ya kinu cha kukamua mawese, mchana uleule, bila padre, maana padre hakupatikana. Nilitoa shuka. Watu walisema, Mwamini ametoa shuka nzuri.

Jumanne ile, baada ya chai, nilimpeleka Spesi huko. Kinu hakipo siku hizi, kuna ukuta wa mtu na bati la gereji. Nilimwonyesha kona ninayoidhani, akasimama, akafanya ishara ya msalaba, akaokota jiwe dogo akalitia mfukoni. Tuliporudi nilimpikia, akanisaidia kuosha vyombo, na akiwa na sahani mkononi ndipo akaniambia alilokuja kusema. Kwamba jioni ya kuuza sufuria, Mama Sifa alipoleta pesa, mama yake alilia kwa uchache wake, kisha akauliza ni nani aliyenunua. Mama Sifa, ambaye hakuwahi kutaja jina la mtu, safari ile alitaja. Na mama yake akaacha kulia.

"Alisema, kama ni Mwamini, basi mukecuru anaweza kubaki. Hatakufa njaa. Ndiyo maana alikubali kumuacha pale ziwani, Mama. Mama yangu alisema hivyo mpaka siku ya kufa kwake, kila tukikaa kula. Alisema, mutu alinunua sufuria yangu, najua iko anampikia."

Nilikuwa na maji ya sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Alikuwa anakula vizuri?" aliuliza Spesi.

"Alikula vizuri."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho," nilisema.

Akaweka sahani chini, akanishika mikono yote miwili ikiwa vilevile na maji, akasema murakoze, murakoze cane, na akaondoka kesho yake kwa basi la asubuhi. Sikuwa na nguvu ya kumwambia, kwa hiyo naandika hapa. Tangu niliposema sawa mpaka alipokutwa, zilikuwa siku kumi na moja. Nilizihesabu wakati ule zikipita. Nilikuwa ng'ambo ya njia, sikuwa mgonjwa, na unga ulikuwapo.